Nissan Moja, Simu Kumi na Mbili: Safari ya Kujifunza Picha za Kisanii, Nakuru hadi Kisumu

Safari yetu ya kwanza ilikuwa ya watu kumi na wawili, na tuliporudi Nakuru Jumapili usiku tulikuwa na picha moja. Kila mtu alikuwa na mamia kwenye simu yake, ndiyo, lakini ukizipanga bega kwa bega ulikuwa mtumbwi uleule na jua lilelile, kutoka mahali palepale, maana mmoja alipoinua simu sote tuliinua. Hata kidole cha mwenzetu mmoja kilitokea kwenye picha za watu watatu.

Tangu hapo nimeirudia safari hiyo mara nne, mbili kati yake nikiwa ndiye mwenye daftari na ndiye mwenye kugombana na dereva. Ninayoyaandika hapa ni namna ya kupanga siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, kupitia Menengai, Kericho, Kisumu na Seme, ili watu kumi na wawili warudi na picha za watu kumi na wawili. Huhitaji simu ya bei ya ng'ombe. Yangu niliinunua ikiwa imeshatumika na kioo chake kina ufa pembeni.

Kikundi, gari na pesa

Kumi na wawili ndio mwisho. Kwenye nissan ya abiria kumi na wanne vinabaki viti viwili vya mabegi, na kwenye kikao cha jioni kila mtu akionyesha picha tano mnakuwa na sitini za kuzungumzia. Hizo ni saa mbili nzima. Mkizidi hapo nusu yenu wataanza kusinzia.

Kama safari inaandaliwa na mtu mwingine, kabla hujatoa shilingi mwulize: tutakaa kila mahali kwa muda gani? Ratiba yenye vituo vinane kwa siku mbili ni utalii. Sina ugomvi na utalii, ila hutajifunza picha ukiwa unakimbizwa. Sisi tuna vituo vinne vikubwa. Kisha uliza habari za dereva: ataamka saa kumi alfajiri? Atakubali kusimama kando ya barabara mtu akipiga kelele kutoka kiti cha nyuma? Dereva wetu wa kwanza alikuwa na haraka zake, akatupitisha Ahero mbio huku tukiwatazama yangeyange weupe kwenye mashamba ya mpunga kupitia dirishani, kama watu wanaoangalia televisheni.

Pesa mzikusanye kama mnavyokusanya za chama: mweka hazina mmoja, orodha kwenye kundi la WhatsApp, tarehe ya mwisho wiki mbili kabla. Hesabu mafuta, malazi ya usiku mbili, boti na viingilio, kisha ongeza kidogo cha kuchapisha picha. Hicho kidogo kisiliwe chakula.

Watu huniuliza mbona hatuanzii Ziwa Nakuru, mbuga ikiwa hapo mlangoni. Sababu ni lenzi. Kamera kuu ya simu huona upana mkubwa, kwa hiyo kifaru aliye mita mia moja anatoka kama kokoto. Tena maji ya ziwa yalivyopanda kwa miaka zaidi ya kumi sasa, heroe (flamingo) wengi walihamia kwingine, Bogoria hasa, na yule aliyekuja kwa ajili ya ufuo wa waridi atarudi na kinyongo. Kitu kimoja tu ningekipendekeza kwa mwenye simu: ile migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, matawi meusi juu ya maji meupe. Kama mna siku ya nne, nendeni kwa ajili ya hiyo, na kiingilio mlipe kupitia eCitizen, tovuti ya serikali, kabla ya kufika.

Jioni ya kabla ya kuondoka: iandae simu

Kaa na simu yako nusu saa. Hamisha video za zamani upate nafasi. Picha mia tano zitahitaji gigabaiti mbili au tatu, na zaidi ikiwa simu yako ni ya kamera kali. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uwashe mistari ya gridi, ile inayogawa kioo mara tatu kwa tatu. Weka umbo la picha kuwa 4:3, kwa kuwa hilo ndilo linalotumia sehemu yote ya kihisi, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga. Ukipiga kwa umbo refu la kioo kizima, simu inakukatia tu pande mbili za picha. Zima urembo wa uso. Zima pia yale maandishi ya jina la simu yanayojichapa kwenye kona ya picha, kwa maana huuzi simu.

Beba pawabenki, waya wake, mfuko wa plastiki unaofungika vizuri kwa ajili ya mvua na boti, na kitambaa laini cha pamba. Kitambaa hicho ndicho kifaa muhimu kuliko vyote, na nilijifunza hivyo kwa aibu. Mwaka ule wa kwanza tulikula mbuta wa kukaanga kwa mikono, nikajipangusa kwenye suruali, nikaenda kupiga machweo. Picha tisini. Kila moja ilikuwa na mistari ya mwanga iliyotawanyika kutoka kwenye jua kama masharubu ya paka, na wenzangu walidhani ni ufundi wa makusudi. Yalikuwa ni mafuta ya samaki kwenye lenzi. Futa lenzi kabla ya kila kituo, futa tena baada ya kula, na kila ukiitoa simu mfukoni.

Ijumaa alfajiri, Menengai: jifunze kuufunga mwanga

Ukingo wa Menengai uko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri pana baridi ya kukunja vidole. Fikeni kukiwa bado na giza kidogo. Shimo lenyewe lina upana wa kilomita kama nane kwa kumi na mbili, na humo chini mvuke wa visima vya jotoardhi huinuka mweupe. Ukisimama upande wa mji ukitazama ndani, jua linachomoza mkono wako wa kulia. Huo ni mwanga wa ubavuni, ndio unaochonga vilima na kuvipa kivuli.

Hapa kuna jambo ambalo video nyingi za mafunzo hazitakuambia, kwa sababu waliozitengeneza wanaishi mbali na ikweta. Wao huizungumzia saa nzima ya mwanga wa dhahabu. Kwetu jua hupanda karibu wima, digrii moja kila dakika nne, na hizo digrii sita za kwanza zenye rangi ya asali zinakwisha kwa dakika kama ishirini na tano. Ukifika jua likiwa limetoka, ukaanza kutafuta mahali pa kusimama, umeshachelewa. Tafuta mahali pako gizani.

Simu ikiachwa ijiamulie, itajaribu kuangaza kila kitu, na anga yako ya machungwa itatoka nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Kwa hiyo somo la kwanza la safari nzima ni hili, na kila mtu alifanye mpaka vidole vizoee:

1. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vikibana mbavu.
2. Gusa kioo kwenye wingu lililo karibu na jua, si kwenye jua lenyewe.
3. Usiondoe kidole, kandamiza kama sekunde mbili hadi alama ya kufuli itokee. Sasa fokasi na kiasi cha mwanga vimefungwa.
4. Kando ya alama hiyo utaona kijua kidogo. Kiteremshe taratibu kwa kidole, picha iingie giza.
5. Panga upya fremu yako bila kugusa kioo, kisha piga kwa kitufe cha sauti.

Piga tatu: moja kama simu ilivyotaka, moja yenye giza kidogo, moja yenye giza mpaka uone haya. Jioni mkizitazama, hiyo ya tatu ndiyo itakayochaguliwa mara nyingi. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa nasi alikataa kuamini, akapiga kwa ubishi zile angavu tu, na mpaka leo Menengai yake inafanana na tangazo la sabuni.

Upeo wa macho usikae katikati. Amua: anga ndiyo habari, au shimo ndilo habari? Kinachokuvutia kipe theluthi mbili za picha, kingine theluthi moja. Mistari ya gridi ipo kwa kazi hiyo, na pia kukuonyesha kama umeinamisha dunia.

Njiani, Kericho: sogea, usivute

Mau Summit barabara inagawanyika. Ya kulia inakwenda Eldoret, sisi tunashika ya Kericho. Mnafika mchana, na mchana Kericho mara nyingi humaanisha mawingu na mvua. Shukuru. Mwanga wa mawingu unaenea sawasawa, hauna vivuli vikali, na jani la chai lililolowa lina kijani ambacho jua la saa saba hukiua kabisa.

Mashamba makubwa ni ya kampuni na yana walinzi, kwa hiyo msiingie tu kwa kuwa hakuna ua. Tafuteni mkulima mdogo kando ya barabara, mwombeni, mkubaliane.

Kazi ya hapa ni moja: usivute picha kwa vidole viwili. Ukivuta hivyo, mara nyingi simu haikusogezi popote, inakata tu katikati ya picha na kuipanua, na jani linageuka kuwa uji. Tumia miguu. Sogea mpaka uone haya, kisha sogea hatua mbili zaidi. Kama simu yako ina lenzi kadhaa, ile kuu, iliyoandikwa 1x, karibu kila mara ndiyo bora. Ile ya 0.5 iache kwa mahali ambapo huna namna ya kurudi nyuma.

Chai ni kijani mpaka macho yanachoka, na hapo ndipo zoezi lilipo. Tafuta kitu kimoja ambacho si kijani. Kikapu mgongoni, aproni ya manjano, vumbi jekundu la njia inayopita katikati ya mistari. Kiweke kidogo kwenye fremu, kijani kikizunguke. Mvua ikianza, kioo chenye matone hakisikii kidole, kwa hiyo rudi kwenye kitufe cha sauti. Nusu saa inatosha. Zaidi ya hapo watu wanaanza kupigana selfi.

Jumamosi, Dunga: kofia yenye vikaratasi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Dunga iko kusini mwa mji wa Kisumu, ufuo wa wavuvi uliopakana na kinamasi cha mafunjo. Saa kumi na mbili asubuhi mitumbwi inarudi. Kina mama wanasubiri na beseni zao, mizani zinaning'inia, bei inatajwa na kukataliwa, ndege wanasogea wakitaka matumbo ya samaki. Ni mahali pa kazi. Ukifika na watu kumi na wawili walioinua simu, unavuruga biashara ya mtu ambaye hajanywa hata chai.

Kwa hiyo simu zote mifukoni kwa dakika ishirini za kwanza. Salimu. "Oyawore" ndiyo salamu ya asubuhi kwa Kijaluo, na "erokamano" ni ahsante. Mzee mwite jaduong'. Nunua kitu, hata kama ni samaki wawili wa kupikiwa baadaye. Mwambie mwenye ufuo mmetoka wapi na mnataka nini. Nimeona vikundi vikifukuzwa kwa sababu vilianza na kamera, na nilikuwa upande wa wale waliofukuza.

Kisha toa kofia. Humo mna vikaratasi kumi na viwili, na kila mtu anachukua kimoja bila kuangalia. Vyetu huandikwa hivi: nyavu, mikono, mizani, kamba na mafundo, miguu, moshi, maji tu, rangi za mitumbwi, mafunjo, vivuli, ndege, maandishi. Ulichokiokota ndicho utakachopiga, na si kingine. Hutaondoka kwenye eneo la hatua kama kumi na tano. Una dakika arobaini, na una ruhusa ya kubonyeza mara kumi tu.

Hilo la mara kumi ndilo linalowauma watu. Simu imetuzoesha kupiga kama anayepura maharagwe, tukitumaini moja itaruka nzima. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Alipiga uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake. Picha zile leo zinaning'inizwa kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ukiwa na kumi umemzidi mara kumi.

Mwaka jana mwalimu wa hesabu aliokota "mizani". Alilalamika mbele ya kila mtu. Yeye alitaka ndege. Dakika ishirini alisimama amekunja uso. Baadaye akagundua kwamba kila samaki anapowekwa juu, watu wawili wanautazama mshale, muuzaji na mnunuzi, na nyuso zao zinasema mambo tofauti. Alichuchumaa, mshale ukawa mbele, nyuma yake macho mawili ya mnunuzi yakiufuata. Hakuna mtu mwingine kwenye kikundi aliyekuwa na picha hiyo, na hakuna ambaye angeipata, kwa sababu sote tungekuwa tunafukuza yule ndege.

Walioshika "maji tu" na "vivuli" huwa ndio wanaotoka na picha za kisanii hasa, zile ambazo huwezi kusema ni za wapi. Walioshika "maandishi" wasome mitumbwi: imeandikwa majina, methali, vifungu vya Biblia. Aliyeshika "ndege" asimfuate ndege. Mdiria ana desturi ya kurudi kwenye kijiti kilekile. Lenga kijiti, funga fokasi, ngoja. Akitua, kandamiza kitufe simu ipige mfululizo, na mfululizo huo tunauhesabu kama picha moja. Tusiwe wakatili.

Jua likishapanda, ikifika saa tatu, acheni ufuo na muingie kivulini kupiga watu. Mwite mtu asimame mlangoni pa banda, ndani kidogo ya kivuli, uso ukitazama nje. Mwanga wa uani unaopita mlangoni ni laini kuliko taa yoyote ya kununua. Nyuma yake tundika leso au wavu uliokunjwa. Simama mbali kidogo naye, hatua tatu, tumia lenzi ya 2x kama unayo, kwa sababu lenzi pana ikisogezwa karibu na uso huvimbisha pua. Na zungumza naye. Mtu aliyenyamazishwa na kamera hukaza shingo kama yuko ofisi ya kitambulisho.

Kuhusu ruhusa sitapunguza maneno. Uso wa mtu unaotambulika ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza faini taasisi, ikiwemo shule, kwa kuchapisha picha za watu bila idhini. Wewe huenda si taasisi, lakini ukiuza picha hiyo au kuitangazia biashara yako unaingia humo humo. Omba kabla. Mwonyeshe baada ya kupiga. Akisema ifute, ifute mbele ya macho yake, na uingie pia kwenye kapu la taka la simu uiondoe. Watoto, uliza mzazi, si mtoto. Askari, kambi za jeshi na uwanja wa ndege, simu ikae mfukoni.

Boti ni baada ya hapo, si kabla. Kila mtu avae jaketi la kuokolea. Simu iwe na kamba ya shingoni. Tumeshamlipa ziwa simu moja.

Jumamosi jioni: miili myeusi, tuktuk na taa za omena

Hippo Point ni mahali pa machweo, na kila mtu Kisumu anajua hivyo, kwa hiyo mtawakuta wengine. Acha jua. Tafuta mtu au mti uliosimama kati yako na jua, funga mwanga kwenye anga kama ulivyofanya Menengai, teremsha kijua mpaka mtu awe umbo jeusi tupu. Kwa picha ya namna hii umbo lazima lisomeke: mtu akae kiubavu, mikono iachane na kiwiliwili, wawili wasishikamane wakawa donge moja.

Jua likizama, rudini barabarani kwa mchezo wa tuktuk. Fungua hali ya kitaalamu ya kamera, ile yenye Pro, weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Tuktuk ikipita, izungushie simu ukiifuata kwa kiuno chako, piga ukiwa bado unazunguka. Ikitoka vizuri, tuktuk inaonekana na mji unayeyuka nyuma yake. Tisa kati ya kumi zitakuwa takataka. Mchana wa jua kali mchezo huu hauwezekani, kwa kuwa tundu la lenzi ya simu nyingi halipungui na picha itaungua; ngoja saa moja kasoro.

Usiku, kama hakuna mwezi, tazama ziwani. Wavuvi wa omena hutumia taa kuwavuta samaki, na kwa mbali taa hizo huonekana kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Ndiyo maana tarehe ya safari tunaichagua kwa kalenda ya mwezi, na tunaikwepa ile miezi ya kuanzia Aprili ambapo uvuvi wa omena husimamishwa ili samaki wazaane. Washa hali ya usiku. Simu itapiga picha nyingi na kuziunganisha kuwa moja, kwa hiyo isitikisike: iegemeze kwenye jiwe au kiatu, weka kihesabu cha sekunde tatu, ondoa mkono. Stendi ya miguu mitatu ni nzuri, lakini kiatu hukiachi nyumbani.

Jumapili, Kit Mikayi

Magharibi mwa Kisumu, huko Seme kwenye barabara ya Bondo, mawe makubwa yamepandana kama mtu aliyeyapanga kisha akaitwa nyumbani. Jina lake ni jiwe la mke wa kwanza. Watu huja kusali na kufunga humo, hasa Jumapili. Hao hawapigwi bila kuulizwa, na mara nyingi jibu huwa hapana. Kubali.

Jiwe bila mtu halina ukubwa. Muweke mwenzako chini yake, mdogo, wewe rudi nyuma sana. Kisha ingia kwenye nyufa, pale ambapo mwanga unashuka kama maji ya mfereji, na upige magamba ya jiwe kwa karibu. Geuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Saa moja, basi.

Kikao cha jioni, na kanuni zake

Mnakaa mara mbili, Ijumaa na Jumamosi, baada ya chakula. Kila mtu anachagua picha tano, na kuchagua ndiko kugumu kuliko kupiga. Zionyesheni kwenye televisheni ya hoteli kama inakubali, la sivyo simu izunguke mkononi. Mwenye picha hasemi kitu. Wengine wanaeleza jicho lao lilitua wapi kwanza, likaenda wapi, likakwama wapi. Neno "nzuri" tumelipiga marufuku. Anayelitamka ananunua soda. Mwaka jana mwenye hoteli alituuliza kama tuna harusi.

Mwenye picha akishasikia, ndipo anasema alichokusudia. Pengo kati ya alichokusudia na walichokiona wenzake, hilo analiandika kwenye daftari, na kesho yake alfajiri anakwenda kulifanyia kazi.

Kuhariri, kwa kifupi

Snapseed ni ya bure na inatosha. Kata kinachosumbua pembeni, nyoosha upeo, gusa mwanga na vivuli kidogo, ondoka. Usifanye ndani ya gari linalorukaruka, wala kioo kikiwa kwenye mwangaza wa juu kabisa, kwa sababu utaitia picha giza bila kujua na itakapochapishwa itakuwa usiku. Mkitumiana kwenye WhatsApp, tumeni kama dokumenti, vinginevyo inabana picha na mnakosoana ukungu ambao haukuwepo.

Picha za watu mrudishe

Ile akiba mliyoiweka sasa ndiyo wakati wake. Wiki inayofuata, chapisheni picha za kila mtu aliyewaruhusu, inchi 4 kwa 6, kwenye studio yoyote ya mjini. Bahasha moja, jina la ufuo juu, mnaipeleka stejini kama parseli ya matatu ya Kisumu, na yule mwenyeji wenu anaipokea na kuigawa. Ahadi ya "nitakutumia" bila bahasha ni sababu kubwa ya watu wa ufuoni kugeuza nyuso wakiona simu. Nyuma ya kila picha andika jina la aliyepigwa na tarehe, ukikandamiza kidogo sana. Ukikazana na biro, maandishi yanajitokeza upande wa pili, kwenye paji la uso la mtu. Mama mmoja wa Dunga alinionyesha yake, ina "Jumamosi" iliyopita juu ya nyusi, na akaniuliza kama safari hii nitakuja na kalamu nyingine.